Baridi ya Njombe na Makete: jiandae mapema

Ndugu zangu mnaohamia huku kikazi, baridi yetu hushika kuanzia Juni hadi Agosti. Kuna alfajiri unakuta majani yameganda barafu.

Kuni zipasuliwe mvua zikikatika mwezi Mei, zipangwe chini ya paa kwa kupishana ili upepo upite. Mwenye bustani bondeni afunike miche kwa nyasi kila jioni, maana hewa ya baridi huteremka na kutuama huko.

Kinachonitia hofu ni mkaa. Watu huingiza jiko chumbani, wanafunga madirisha, wanalala. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu: mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi unamchukua moja kwa moja. Ota moto sebuleni dirisha likiwa wazi, na jiko litoke nje kabla hujalala, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Chokoa majivu uone mwenyewe yalivyo mekundu chini. Wenye vichanga nawasihi sana: kofia, soksi na blanketi, jiko hapana.

Safari nazo, panga ufike Makambako, mji wa njia panda ya kuja huku, mchana. Koti na blanketi vibaki mkononi, visiende kwenye buti la basi. Kama unaendesha mwenyewe, ukikutana na ukungu punguza mwendo, washa dimu, yaani taa za chini. Fulu, taa za juu, hugonga ukungu na mwanga ukakurudia machoni. Usilipite lori kama huoni barabara mbele yake.