Kumpa kijana riwaya atakayoimaliza

Mtoto wa darasa la sita akirudisha kitabu kesho yake asubuhi na kusema "nimemaliza", usishangilie upesi. Mara nyingi kitabu ndicho kilichommaliza yeye, na hilo "nimemaliza" ni la kukwepa maswali. Anayependekeza riwaya, awe mwalimu wa Kiswahili kule Mafinga, mkutubi wa maktaba ya mkoa pale Mbeya au Iringa, au shangazi aliyeagizwa zawadi kutoka mjini, ana kazi moja kabla ya nyingine zote: kitabu kifike ukurasa wa mwisho. Riwaya ya wastani iliyosomwa yote inamfaa mtoto kuliko riwaya kubwa iliyoishia ukurasa wa 12.

Muulize asichokitegemea

"Unapenda kusoma nini?" ni swali bovu. Atajibu "chochote", na maana yake ni "niache niende zangu". Uliza kuhusu hadithi anazozifuata tayari, maana hakuna mtoto asiyefuata hadithi. Wengine wanakaa kibanda umiza wanaangalia sinema zilizotafsiriwa, wengine wanafuata tamthilia na mama zao jioni, na wakubwa kidogo wanasoma simulizi za kwenye simu zinazokatishwa sehemu ya 27 pale pale zinaponoga. Mazungumzo ya dakika tatu yanatosha:

– Shikamoo, mwalimu. Naomba kitabu.
– Marahaba. Jumapili mliangalia nini kibandani?
– Ya Kichina. Ile ya kisasi.
– Wapi palikunogea?
– Pale jamaa anapogundua aliyemuua baba yake ni mjomba wake.

Mtu mwenye haraka angesikia "kisasi" akampa kitabu cha vita. Lakini mtoto hakutaja ngumi hata moja. Kilichomshika ni siri inayofichuka ndani ya ukoo, kwa hiyo huyu anataka upelelezi, au riwaya ya familia yenye jambo lililofichwa. Sikiliza kitenzi alichotumia: anapogundua, anapotoroka, anapopendwa, anapocheka. Kitenzi hicho kinakuelekeza kwenye rafu vizuri kuliko jina la sinema.

Swali la pili: kitabu gani kilikushinda, na ulikiachia wapi? Akisema aliachia mwanzoni, shida ni lugha. Akisema katikati, huenda wahusika walikuwa wengi au hadithi ilikuwa inarukaruka miaka. Akiachia karibu na mwisho, hapo kitabu hakina kosa. Mitihani au kazi za nyumbani zilimkamata. Mrudishie kile kile wakati wa likizo.

Kipimo cha vidole

Fungua ukurasa wa katikati, si wa kwanza. Mwambie asome kimyakimya, akunje kidole kila anapokutana na neno asilolijua. Majina ya watu na mahali hayahesabiwi. Kidole kimoja au hakuna: ni chepesi, kinamfaa aliyekata tamaa ya kusoma. Viwili au vitatu: hicho ndicho chake. Vinne: kinawezekana kama nyumbani kuna wa kumuuliza. Mkono ukijaa kabla ya mwisho wa ukurasa, kiweke pembeni bila kumfanya aone haya. Wapo wanaoona aibu kukunja vidole, hasa wakiwa na wenzao. Kwa hao chagua maneno mawili ya ukurasa ule uwaulize maana yake kama utani.

Halafu piga hesabu ya muda. Ukurasa wa kawaida wa riwaya una maneno kama 250. Mtoto anayesoma maneno 100 kwa dakika anautumia dakika mbili na nusu. Kitabu cha kurasa 80 kitamchukua dakika 200, yaani siku kumi kwa dakika ishirini kila jioni. Kwa mtoto wa shule ya kutwa anayetembea kwenda na kurudi, anayeteka maji na kusaidia jikoni, dakika ishirini ndizo alizonazo. Ukimpa kurasa 240 umempa mwezi mzima, na mwezi ni mrefu mno kwa aliye mwanzoni. Kwa darasa la nne na la tano tafuta kurasa 40 hadi 80, la sita hadi kidato cha kwanza 80 hadi 130, na kuanzia kidato cha tatu mwachie anyooshe miguu. Angalia na urefu wa sura. Sura ya kurasa sita inaisha kabla usingizi haujamchukua, lakini ya kurasa ishirini itamkatisha katikati, na kesho yake atakuwa amesahau nani alikuwa anamfukuza nani.

Bahari isiyoonekana kutoka Makete

Hapa ndipo wengi wanapokosea huku kwetu nyanda za juu. Sehemu kubwa ya riwaya zetu nzuri za zamani zimeandikwa Unguja, Pemba na pwani, na zimejaa maneno ya huko. Mtoto wa Makete au Njombe anajua umande unaoganda kwenye nyasi mwezi wa saba, anajua ulanzi na viazi, lakini jahazi, kusi, demani, bamvua na maji kupwa hajawahi kuyaona wala kuyasikia nyumbani. Wa Kyela afadhali kidogo, kwa kuwa Ziwa Nyasa limempa mitumbwi, mawimbi na wavuvi.

Chukua Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliotoka mwaka 1960. Ni upelelezi hasa: kuna maiti, kuna mzimu unaoogopwa, na kuna Bwana Msa na kiko chake anayekataa kuamini kila anachoambiwa. Kijana wa kidato cha pili anayependa mafumbo ataupenda. Lakini ukimpa hivihivi, Kiunguja kitamkwamisha kabla fumbo halijaanza kumkamata, naye ataondoka akiamini hapendi upelelezi. Dawa yake ni karatasi moja ndani ya jalada, yenye maneno kumi ya kurasa 20 za mwanzo, kila neno na maana yake kwa mstari mmoja. Yasizidi kumi. Yakifika thelathini umemtengenezea somo la msamiati. Kisha msomee wewe kurasa tatu za kwanza kwa sauti. Baada ya kurasa 20 sikio linakuwa limezoea na hadithi inambeba.

Shaaban Robert anahitaji uangalifu wa namna nyingine. Kiswahili chake ni cha heshima na sentensi zake huenda taratibu. Kusadikika ni mabishano ya mahakamani na fumbo la utawala, kwa hiyo kisubiri kidato cha tatu au cha nne. Adili na Nduguze ni jambo jingine: ni kifupi, kina ndugu wenye husuda, safari na maajabu, na mtoto wa darasa la saba aliyekunja vidole vitatu anaweza kukimaliza.

Kukinadi kitabu

Usiseme kina mafunzo mazuri. Mtoto akisikia "mafunzo" anaona kiboko. Usiseme pia kwamba wewe ulikipenda ulipokuwa na umri wake, maana kwake hiyo ni enzi ya mkoloni. Sema mambo matatu kwa sentensi tatu: ni nani, yuko katika hali gani, na kuna swali gani. Kisha nyamaza. Kwa Adili na Nduguze inatosha hivi: "Kuna mtu anaitwa Adili, ana manyani wawili nyumbani. Kila usiku lazima awachape, ingawa moyo wake hautaki. Siku moja mfalme akapata habari, akataka kujua kwa nini." Mpe kitabu mkononi wakati huohuo. Ukiongeza sentensi ya nne utakuwa umeanza kumsimulia jibu.

Weka vitabu vitatu mezani, si kimoja, si kumi. Kimoja ni amri, na kumi vinamchanganya hadi achague chenye jalada zuri. Katika vitatu, kiwe kimoja chepesi kuliko uwezo wake, kimoja cha kiasi chake, na kimoja cha aina ambayo hakuitaja kabisa. Na usigawe vitabu vya wavulana na vya wasichana. Mhusika mkuu akiwa msichana, usimtangazie mvulana, mpe tu. Akifika sura ya pili hatakumbuka kulalamika.

Vitabu vya mtihani

Riwaya kama Takadini ya Ben Hanson na Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo zimesomwa sana sekondari kama vitabu teule, kwa hiyo ndizo rahisi kupatikana hata kwenye duka la vifaa vya shule mjini Makambako. Zote mbili zina hadithi inayoshika. Ya kwanza inahusu mtoto aliyezaliwa na ualbino na mama anayekimbia naye ili asiuawe, ya pili watoto wa muuza chakula na maisha magumu ya Dar es Salaam. Ubaya wake ni kwamba mtoto anazikuta zikiwa zimeshavishwa sare: dhamira, ujumbe, falsafa, mandhari. Ukiweza, mpe mojawapo akiwa kidato cha kwanza, kabla mtu hajamwambia aandike hoja sita. Akirudisha, usiulize "umejifunza nini". Uliza: "Nani alikuudhi?" Kijana aliyesoma kweli hujibu kabla hujafunga mdomo.

Kidato cha kwanza nacho kina shimo lake. Mtoto aliyekuwa anasoma riwaya za Kiswahili kwa raha darasa la saba anaingia sekondari, masomo yanageuka Kiingereza, na wazazi wanataka asome riwaya za Kiingereza "ili azoee". Anapewa kurasa 200, anashindwa, anaacha kusoma lugha zote mbili. Afadhali vitembee sambamba: kitabu chembamba cha Kiingereza cha kurasa 40 hadi 60 chenye kiwango kilichoandikwa mgongoni, na riwaya ya Kiswahili ya kujifurahisha ambayo haina mjadala. Kile cha Kiingereza kipimwe kwa vidole vilevile, ila kikomo kiwe vitatu.

Yasiyosemwa kwenye jalada

Soma kitabu chote kabla hujakipendekeza. Ukikosa muda, soma sura ya kwanza, ya katikati na mbili za mwisho. Mapenzi ya utu uzima, ubakaji na kujiua hukaa huko mwishoni, na jalada halikwambii. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ni riwaya muhimu na iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Kwa kijana wa miaka 17 anayeweza kuizungumzia na mtu mzima inafaa, kwa wa miaka 12 haifai, na umaarufu wake haubadilishi hilo.

Uchawi ni suala la peke yake huku kwetu. Nyumba nyingi za walokole hazitaki kitabu chenye mganga hata kama mganga mwenyewe anaumbuliwa. Mwambie mzazi mapema, kwa maneno ya wazi: "Mama, kuna mganga humu, na mwisho anaonekana tapeli." Wengi wataruhusu. Wakigundua wenyewe, hutampata tena yule mtoto. Vilevile, aliyefiwa na mzazi juzi usimpe riwaya inayoanza na msiba bila kumdokeza. Wapo wanaoitaka hasa hiyo, ila waichague wenyewe.

Unaponunua mitumba au kopi zilizotolewa mashine, hesabu kurasa palepale, hasa kumi za mwisho. Hakuna kinachomkatisha tamaa msomaji mpya kama upelelezi usio na mwisho. Kunja kitabu kidogo kwenye mgongo: gundi ikilia, kitaachia kurasa kwa msomaji wa tatu, bora kilichoshonwa au chenye pini. Na Tukuyu, kwa mvua zile, usiegemeze rafu ukutani wala usiweke vitabu chini. Acha nafasi ya kiganja nyuma ya rafu hewa ipite, la sivyo ukungu utavisoma kabla ya watoto.

Daftari la kuazimisha liwe na safu tano: jina, darasa, kitabu, tarehe, na ukurasa alioachia. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida. Mwambie mtoto kwamba kuachia njiani si kosa, ataje namba tu. Watoto watatu wakiachia ukurasa wa 34 wa kitabu kilekile, nenda ukausome huo ukurasa wa 34.