Jinsi ya kuandika maneno kwenye displei ya LED ya segmenti 14

Kama unataka projekti yako ionyeshe maneno na sio namba tu, achana na ile displei ya segmenti 7 (vijiti saba vya taa kwa kila herufi), maana ikifika kwenye K, M, W au X imeshakwama, haina vijiti vya mshazari. Chukua ya segmenti 14, hapo alfabeti yote inasomeka. Herufi ndogo zinatoka hovyo hovyo kwahiyo andika kubwa tu.

Tafuta moduli yenye herufi nne na chipu ya HT16K33 kwa nyuma. Hesabu mwenyewe, herufi moja ina taa 14 na nukta yake, mara nne ni taa 60, ukiziunga moja moja kwenye Arduino (ile bodi ndogo unayoipa programu iendeshe projekti) pini hazitoshi. Hiyo chipu inabeba kazi yote, we unabaki na waya mbili tu za data.

Kabla hujalehemu angalia zile nukta, zikae upande uleule zilipochorwa kwenye bodi. Ukigeuza displei juu chini kuing'oa ni mateso, pini nyingi halafu zimebanana.

Waya sasa: GND (hasi) kwa GND, VCC (chanya) kwa 5V, na zile mbili za data, SDA na SCL, kwenye Arduino Uno SDA inaenda A4, SCL A5. Kama moduli ina pini ya Vi2c (inayopanga volti za waya za data) nayo ipe umeme, 5V kwa Uno, ila kama unatumia bodi ya ESP32 ipe 3.3V. Wengi wanairuka hiyo pini alafu wanalalamika moduli mbovu.

Kwenye Arduino IDE (programu ya kompyuta ya kuandikia kodi) weka laibrari ya Adafruit LED Backpack pamoja na Adafruit GFX, kisha:

#include <Wire.h>
#include <Adafruit_GFX.h>
#include <Adafruit_LEDBackpack.h>

Adafruit_AlphaNum4 d;

void setup() {
  d.begin(0x70);
  d.setBrightness(5);
  d.writeDigitAscii(0, 'H');
  d.writeDigitAscii(1, 'A');
  d.writeDigitAscii(2, 'Y');
  d.writeDigitAscii(3, 'A');
  d.writeDisplay();
}

void loop() {}

Huo mstari wa writeDisplay ndo kila kitu. writeDigitAscii inaweka herufi kwenye memori tu, taa haiwaki mpaka uisukume, kwahiyo ukiona giza na waya ziko sawa anzia hapo. Mwanga (setBrightness) unaenda 0 mpaka 15, ndani ya nyumba 5 inatosha kabisa.

Neno refu unalitembeza: kila baada ya delay(200) unasogeza herufi zote nafasi moja kushoto, unaingiza mpya mwishoni, unaita writeDisplay tena. Ukirekodi kwa simu ukaona inapepesa usishtuke, chipu inawasha taa kwa zamu, haraka kiasi kwamba jicho halioni ila kamera inanasa.

Herufi nne hazitoshi? Nyuma kuna sehemu tatu za kulehemu, A0, A1 na A2, ukiziunga anwani ya moduli (ile 0x70 kwenye d.begin) inabadilika kuanzia 0x70 hadi 0x77, yaani moduli 8 kwenye waya zilezile mbili, herufi 32. Ila hapo tafuta umeme wa pembeni, usiitegemee pini ya 5V ya Arduino, na GND za pande zote mbili ziunge pamoja.