Somo: Namna ya Kuutazama Mto Oise katika Picha za Daubigny

Charles-François Daubigny (1817–1878), mchoraji Mfaransa, aliuchora mto Oise, ulio kaskazini mwa Ufaransa, mara nyingi mno, na picha zake hazina vita, malaika wala wafalme. Kwa sababu hiyo watu huzipita haraka. Naomba tuzitazame taratibu.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali alipokaa mchoraji. Anza na sehemu ya chini kabisa ya turubai. Wachoraji wengi wa mandhari huweka hapo njia au majani, ili mtazamaji apate pa kukanyaga, lakini katika picha nyingi za Daubigny hapo pana maji matupu. Sababu ni kwamba mwaka 1857 alijipatia mashua, akaiita Botin, akaijengea kibanda na kuifanya studio yake, akawa anasafiri mtoni humo pamoja na mwanawe Karl. Anachotuonyesha basi ni mto uonwavyo na mtu aliyeketi majini: upeo wa macho uko chini, mbingu ni pana, na kingo zimekaa mbali kidogo. Kwangu mimi, asiyeligundua hili bado hajaiona picha.

Hatua ya pili: tenganisha taswira, yaani sura ya kitu ionekanavyo majini, na kivuli. Taswira ya mti hushuka wima chini ya mti wenyewe, ilhali kivuli hulala upande ulio kinyume na jua. Kisha linganisha rangi, kwa maana kitu cheusi aghalabu hufifia kidogo kikionekana majini, na chenye kung'aa hupunguza mng'ao.

Hatua ya tatu: sogea karibu. Utaona alama za brashi zilizoachwa wazi, jambo lililomfanya mhakiki wa sanaa Théophile Gautier alalamike mwaka 1861 kwamba mchoraji mwenye hisia za kweli kiasi hicho anapuuza mambo madogo madogo. Naona Gautier alikosea, kwa kuwa maji yaliyochorwa kwa unadhifu kupita kiasi huganda kama kioo.

Maswali na majibu

Swali: Je, picha zote alizimalizia mashuani?
Jibu: La, nyingine zilikamilishwa ndani ya studio ya nchi kavu. Hata hivyo, kazi ya nje ilikuwa imerahisishwa na mirija ya bati ya kutilia rangi, iliyobuniwa na Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841.

Swali: Daubigny ana uhusiano gani na mchoraji Mfaransa Claude Monet?
Jibu: Walikutana London wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia, na Daubigny ndiye aliyemtambulisha Monet kwa mfanyabiashara wa picha Paul Durand-Ruel. Baadaye Monet naye alijifanyia studio ndani ya mashua, huko Argenteuil, mji ulio karibu na Paris.

Swali: Nina simu tu. Nitafaidi?
Jibu: Utafaidi, ila ilaze simu na uchague nakala isiyokatwa pembeni. Turubai zake nyingi zina upana unaokaribia mara mbili ya kimo chake, na zikikatwa, kingo za mto ndizo zinazotangulia kupotea.