Matokeo ya kidato cha nne yametoka: jinsi ya kuchagua chuo Dar es Salaam

Usianze na divisheni. Chukua karatasi, andika kila somo na alama yake, weka kando masomo ya dini, kisha hesabu masomo mangapi umepata D au alama ya juu zaidi. Chuo kitakuuliza hilo kabla ya jambo lolote.

Pointi zinahesabiwa kwa masomo saba bora: A ni 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Divisheni ya nne ni pointi 26 hadi 33. Mwenye D nne na F tatu ana 31. Mwenye D mbili na F tano ana 33. Nyumbani wote wawili wanaambiwa wamepata "foo", lakini wa kwanza anaweza kuomba astashahada, yaani cheti cha chuo, na wa pili bado. Hapo ndipo wazazi wengi wanapoteza pesa: ada inalipwa, halafu mtoto anakosa usajili.

Ukiwa na C tatu au zaidi, subiri kwanza TAMISEMI, ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ipange wanafunzi wa kidato cha tano. Kabla ya majina kutoka, hufunguliwa muda wa kubadilisha tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, kwenye mfumo wa mtandaoni wa Selform. Utumie, maana tahasusi ulizojaza ukiwa shuleni zinaweza zisiendane na masomo uliyofaulu.

D nne zinakufungulia ngazi ya 4 ya NTA, mfumo wa tuzo za ufundi wa vyuo; hiyo ndiyo astashahada ya awali. Kila ngazi ni mwaka mmoja, kwa hiyo diploma, yaani ngazi ya 6, ni miaka mitatu. Kwa uhandisi angalia DIT, usafirishaji NIT pale Mabibo, biashara CBE, fedha IFM, maji Chuo cha Maji. Lakini D nne zozote hazitoshi kila mahali. Utabibu unadai Kemia, Baiolojia na Fizikia. D za Kiswahili, Uraia na Historia hazizibi pengo hilo. Soma sifa za kozi yenyewe, usiishie kwenye sifa za chuo.

Kwa chuo binafsi, ingia tovuti ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, uthibitishe mambo mawili: chuo kimesajiliwa, na kozi unayoitaka imeidhinishwa hapo. Kuna vyuo vyenye usajili halali vinavyotangaza kozi ambayo bado haijaidhinishwa. Bango la barabarani si uthibitisho, wala ahadi ya simu kwamba "kibali kiko njiani". Ukisoma kozi ya namna hiyo, ukimaliza hutapata namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, ambayo mwenye diploma huihitaji anapoomba chuo kikuu.

D zikiwa pungufu, nenda VETA, vyuo vya serikali vya ufundi stadi. Tena hata mwenye D za kutosha afikirie: fundi mzuri wa viyoyozi hakosi kazi katika joto la jiji hili. Chang'ombe wana fani nyingi za ufundi, Kipawa wamejikita kwenye TEHAMA. Tatizo ni kalenda. Maombi ya masomo yanayoanza Januari hupokelewa mwaka uliotangulia, kabla Baraza la Mitihani, NECTA, halijatangaza matokeo, kwa hiyo anayesubiri matokeo ndipo aombe hukuta nafasi zimejaa. Omba mara tu unapomaliza mtihani, au hata kabla. Ukichelewa, ulizia kozi fupi, ambazo huanza nyakati mbalimbali za mwaka. Anayetaka kurisiti, yaani kurudia mtihani, anaweza kufanya hivyo huku akisoma kozi fupi.

Kwenye bajeti, ada ni sehemu tu. Ongeza ovaroli, buti za usalama, vifaa, na nauli: anayetoka Chanika kwenda Mabibo kila siku apige hesabu ya daladala zote, kwenda na kurudi, kwa muhula mzima. Chuo cha serikali hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Mtu akikupa namba yake ya simu umtumie ada, usitume.

Mwisho, linganisha jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa na lile la NECTA, herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Mohammed" ni watu wawili kwenye mfumo, na tofauti hiyo inaweza kukwamisha ombi la mkopo. Anza kurekebisha mapema, kwa sababu kiapo mbele ya wakili na marekebisho ya cheti cha kuzaliwa kule RITA vinakula muda, na dirisha la maombi halimsubiri mtu.