Kuikinga Trela ya Boti na Kutu ya Maji ya Bahari: Mwongozo kwa Wenye Boti wa Kisumu na Kanda ya Ziwa

Ziwa Victoria halina maji ya chumvi, na kwa sababu hiyo wenye boti wengi wa Kisumu, Homa Bay na Mbita hawajazoea kuosha trela kila inapotoka majini. Trela inayotumika Dunga au Usenge pekee hushika kutu polepole, kwa kiasi ambacho rangi na grisi ya kawaida vinaweza kukidhibiti. Mambo hubadilika boti inapovutwa hadi Kilifi, Mtwapa au Mombasa kwa uvuvi wa baharini, au mtu anaponunua trela iliyokwisha kutumika Pwani kwa kuwa bei yake ni nafuu, akaileta nyumbani. Kila lita ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Maji yakikauka, chumvi hubaki kwenye maungio, ndani ya mabomba ya fremu na katikati ya bapa za springi, kisha husafiri na trela zaidi ya kilomita 800 hadi ziwani.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja, na chumvi huyafanya maji hayo yapitishe umeme vizuri zaidi, hivyo kazi ya kukila chuma ikaenda kwa kasi. Jambo linalosahaulika ni kwamba chumvi hunyonya unyevu hewani: unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, punje za chumvi huanza kuyeyuka zenyewe hata kama hakuna tone la mvua lililoanguka. Kwenye mitaa ya karibu na ziwa, trela inayoonekana kavu kabisa saa nane mchana huweza kuwa imelowa tena alfajiri, na ikiwa ina chumvi, kutu huendelea kila usiku kwa miezi yote ambayo trela imeegeshwa. Sehemu kubwa ya uharibifu, basi, haifanyiki katika siku chache za uvuvi bali hapa nyumbani, baada ya safari. Ndiyo maana ninasisitiza kuosha kabla ya kuondoka Pwani, na kuanza na sehemu zisizoonekana.

Kabla ya trela kuingia baharini

Magurudumu ya trela iliyotoka safari ndefu huwa na habu (vitovu vya magurudumu) zenye joto. Ukiiingiza trela majini papo hapo, hewa iliyo ndani ya habu hupoa ghafla na kusinyaa, na nafasi hiyo huvuta maji ya bahari kupitia oili sili, yaani pete ya mpira inayozuia grisi kutoka na maji kuingia, hadi kwenye beringi. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya habu na kukiacha hapo bila kuungua. Ikiwa habu moja imebaki na joto kali ilhali mwenzake imepoa, tatizo lipo tayari kwenye beringi au breki ya upande huo, na ni afadhali ifunguliwe kabla boti haijashushwa.

Grisi ya beringi iwe ile inayostahimili maji, inayouzwa kwa ajili ya vyombo vya majini, na isichanganywe na grisi ya zamani ya aina nyingine, kwa kuwa baadhi ya grisi zikichanganyika huwa nyepesi na kumwagika. Osha beringi kwa mafuta taa, iache ikauke, kisha ishindilie grisi kwa kiganja kuanzia upande mpana hadi uione ikichomoza upande wa pili kati ya kila gololi na jirani yake. Oili sili hubadilishwa kila habu inapofunguliwa. Kurudisha ile ya zamani ili kuokoa shilingi chache ni akiba isiyo na maana. Pini ya kufungia nati pia iwe mpya kila mara.

Chomoa waya wa taa kwenye gari kabla ya kurudi nyuma majini. Balbu yenye joto ikiguswa na maji hupasuka, na umeme ukiwa bado unapita ndani ya maji ya chumvi, sehemu za shaba zinazopitisha umeme kwenye taa huliwa haraka sana. Kila taa ipewe waya wake wa ardhi unaorudi hadi kwenye plagi badala ya kutegemea fremu, kwa sababu bolti inayoshikilia taa ndiyo ya kwanza kushika kutu, na hapo taa huanza kuwaka na kuzima bila sababu inayoonekana.

Namna ya kuosha

Maji ya kuoshea yasiwe na chumvi. Jambo hili ni la wazi, lakini Pwani hukosewa mara nyingi, kwa kuwa visima vingi vya Mombasa na Kilifi vina maji ya chumvichumvi, na kuosha trela kwa maji hayo ni kuondoa chumvi nyingi na kuacha kidogo, na hiyo kidogo inatosha. Tumia maji ya bomba, au yale yanayoletwa kwa lori na unayoweza kuyanywa bila kuhisi ladha ya chumvi.

Osha siku hiyohiyo, kabla maji ya bahari hayajakauka. Watu wengi humwagia maji sehemu za juu zinazong'aa na kuondoka wameridhika. Anzia chini. Lala chali ikibidi, elekeza mpira wa maji katikati ya bapa za springi, nyuma ya rimu, kwenye bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, na juu ya ekseli mahali inapogusana na springi, ambapo mchanga na chumvi hukaa pamoja. Kisha yaingize maji ndani ya mabomba ya fremu. Fremu nyingi za trela ni mabomba ya mraba yaliyo wazi mwisho mmoja. Weka mpira wa maji kwenye uwazi huo na uyaache yapite mpaka yanayotoka upande wa pili yawe safi. Mara ya kwanza usishangae kuona maji ya kahawia yenye magamba membamba ya kutu, mengine yakiwa na upana wa ukucha, yakianguka sakafuni. Ikiwa bomba halina tundu la kutolea maji, toboa moja upande wa chini mahali palipo chini zaidi, kisha paka kingo za tundu hilo rangi ya zinki. Bomba lililozibwa ambalo maji yameingia kupitia ufa wa kuchomelea ni baya kuliko lililo wazi.

Breki za dramu zinahitaji maji ndani, si nje pekee. Trela nyingine huwa na mdomo wa kuunganisha mpira wa maji nyuma ya breki. Isiyo nao inaweza kufungiwa na fundi. Bila hivyo dramu itabidi ivuliwe baada ya kila safari ya baharini, kazi ambayo kwa kweli wachache wataifanya.

Neno moja kuhusu mashine za presha za vijana wanaoosha magari. Zinafaa kwa fremu na matairi, lakini zisielekezwe kwenye habu wala kwenye taa, kwa sababu presha hiyo husukuma maji kupita oili sili iliyokusudiwa kuzuia matone tu. Sabuni ya kawaida inatosha. Siki, ambayo wengine huisifu kwa kuondoa chumvi, ni asidi, na asidi hula zinki. Usiitumie kwenye trela iliyopakwa zinki.

Trela ikifika Kisumu ioshwe mara ya pili, kwa sababu vumbi na maji ya barabarani huwa yamefunika kilichosalia. Kazi hiyo ifanyike nyumbani au mahali penye mtaro wa kukusanya maji machafu. Kuingiza gari na trela ziwani ili kuviosha humwaga mafuta na grisi katika maji ambayo watu huyachota na kuyavulia samaki.

Zinki, rangi na oili chafu

Trela bora kwa bahari ni ile ambayo fremu yake yote ilichovywa katika zinki iliyoyeyushwa, kwenye joto la takriban nyuzi 450 za selsiasi, baada ya kuchomelewa. Zinki huliwa kwanza badala ya chuma, hivyo hata ikikwaruzwa chuma cha jirani huendelea kulindwa kwa muda. Rangi ya kawaida haina uwezo huo: ikipata ufa mmoja, kutu huingia chini yake na kutambaa kimya huku juu rangi ikiwa bado inang'aa. Ukiona unga mweupe juu ya fremu ya zinki, umwagie maji. Ukiyeyuka, ni chumvi na trela haikuoshwa vizuri. Ukibaki, ni zinki iliyoanza kuliwa, na sehemu hiyo inahitaji kukaushwa na kupitisha hewa.

Palipoanza kushika kutu parekebishwe kwa utaratibu. Osha chumvi kwanza na uache pakauke, kwa kuwa ukianza na brashi ya waya au grinda utaisukuma chumvi ndani ya vishimo vya chuma na kuifunika humo. Baada ya hapo sugua hadi chuma king'ae, futa kwa thina, kisha paka rangi yenye zinki nyingi mara mbili kabla ya rangi ya juu. Fundi wa kuchomelea akitaka kuunga kitu kwenye fremu ya zinki, aiondoe zinki kwanza kwa grinda mahali pa kuunga na afanye kazi penye hewa ya kutosha, kwa sababu moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Wengi wa mafundi wetu hulijua hili na hulipuuza.

Oili chafu ya injini, ambayo hapa kwetu hupakwa chini ya magari na kwenye mbao, siipendekezi. Ina asidi zilizotokana na kuungua kwa mafuta, huharibu raba, na trela ikiingia majini huacha utando wa rangi juu ya ziwa. Kwa springi na bolti, dawa ya kupuliza yenye nta au lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo, hukaa muda mrefu zaidi.

Angalia pia mbao zinazobeba boti. Mbao zilizotibiwa kwa dawa yenye shaba huharakisha kuliwa kwa zinki pale zinapogusa fremu, na zulia lililofunika mbao hukaa na maji ya chumvi kwa siku nyingi juu ya bolti zilezile. Weka kipande cha plastiki kigumu kati ya ubao na chuma.

Ukinunua trela iliyotoka Pwani

Usidanganywe na rangi mpya, ambayo kwangu ni sababu ya kushuku zaidi. Chukua nyundo ndogo uigonge fremu upande wa chini, hasa karibu na ekseli na mahali mkono wa kuvutia unapoungana na fremu. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa kwa ndani hutoa sauti nzito iliyokufa. Tazama bapa za springi kwa upande: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo bapa zilizoachana zimekwisha. Fungua habu moja mbele ya muuzaji. Grisi yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, na beringi zake zihesabiwe katika bei. Waya wa winchi, yaani kifaa cha kuvutia boti juu ya trela, uliovimba au wenye nyuzi zilizokatika utupwe, na badala yake ufungwe mkanda wa polyesta.

Kwa walio upande wa Nakuru, maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria ni ya magadi, na magadi hushambulia alumini hata zaidi kuliko chuma. Kifaa chochote kilichoingia humo kioshwe kama kilichotoka baharini. Naivasha na Baringo hayana tatizo hilo.

Egesha trela juu ya saruji au kokoto, si juu ya majani, mkono wa kuvutia ukiwa umeinuliwa ili maji yatiririke kuelekea nyuma na kutoka kwenye matundu uliyotoboa. Turubai lisibane mpaka chini, kwa kuwa hewa isipopita unyevu wa usiku hufungiwa humo. Magugu maji yaliyonasa kwenye springi baada ya kutumia trela ziwani yaondolewe siku hiyohiyo, maana hushika maji kwa muda mrefu, na usiyahamishie ziwa jingine.

Kabla ya safari ya Pwani, tayarisha habu moja ya akiba ikiwa na beringi zilizokwisha kutiwa grisi, oili sili mpya na pini, uifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na spana inayoingia kwenye nati ya ekseli yako. Beringi ikifa kati ya Voi na Mtito Andei, duka lenye saizi ya trela yako halitakuwa karibu, ilhali kubadilisha habu nzima ni kazi inayowezekana kando ya barabara ukiwa na jeki na tochi.