Kuchukua sampuli za furu kwa utafiti wa mageuzi ya viumbe

Anayetaka kuwa mtafiti wa mageuzi aanze kwa kujifunza kuhifadhi samaki. Sampuli ikishaharibika mtumbwini, hakuna maabara itakayoiokoa.

Karibu na Mwanza, katika Ziwa Victoria, wapo furu (samaki wadogo wa ziwa hilo) wa aina mbili wanaofundisha mengi: Pundamilia pundamilia, ambaye dume ana rangi ya buluu na kijivu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume ana mgongo mwekundu. Majike yao yanafanana mno, usiyatenganishe kwa macho tu. Maji yakiwa na tope, rangi hazionekani vizuri, na aina hizi mbili huzaliana. Kwa hiyo pima uangavu kabla ya kutega nyavu: shusha kisahani cheupe kwa kamba yenye alama, andika kina kinapopotea na kinapoonekana tena, uchukue wastani. Andika pia kina alichovuliwa kila samaki. Kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia Tanzania, kiwe mkononi kabla ya safari.

Piga picha kwanza. Furu akifa, rangi hufifia kwa dakika chache. Mtie akiwa hai kwenye kisanduku chembamba cha kioo chenye maji safi, ubavu wa kushoto ukitazama kamera, rula na namba yake vikionekana.

Kisha kata kipande cha pezi la ubavu wa kulia, milimita 5 hivi; upande wa kushoto ubaki mzima kwa vipimo. Kitie kwenye ethanoli ya 96%, ujazo wake uwe mara 10 ya kipande. Ukijaza nyama nyingi, maji yake huipunguza nguvu na DNA (vinasaba vyake) huendelea kukatika. Badilisha ethanoli baada ya saa 24. Spiriti ya dukani haifai. Namba iandikwe kwa penseli kwenye karatasi iliyo ndani ya kichupa, maana wino wa kalamu nyingi huyeyuka. Futa na usafishe mkasi na kibano kila samaki. Hapa ndipo wengi huchanganya vinasaba bila kujua.

Fomalini, dawa ya kuhifadhi mwili mzima wa samaki, hufuata baadaye, kamwe si kabla, kwa sababu huharibu DNA. Vaa glavu, changanya sehemu 1 ya fomalini na 9 za maji, umlaze samaki akiwa amenyooka. Baada ya wiki 2 hivi, msuuze kwa maji ukibadilisha mara kadhaa, umhamishie ethanoli ya 70%. Ukimtia kwenye ya 96% atasinyaa na kukakamaa, na vipimo vya taya havitaaminika.