Jengo la mahakama ya wilaya: kutoka karatasi ya mahitaji hadi kusaini mkataba

Mchoro usitangulie. Ukichukua ramani ya ofisi ya kawaida na kubadilisha majina ya vyumba, utapata jengo ambamo mshtakiwa, shahidi na hakimu wanapishana kwenye korido moja. Kuta zikishasimama, kosa hilo halirekebishiki kwa fedha ya ukarabati.

Anza na karatasi ya mahitaji. Waiandike Hakimu Mfawidhi (hakimu msimamizi wa mahakama) na Mtendaji wa Mahakama (msimamizi wa utawala wake), na karani wa masjala awepo mezani, kwa kuwa ndiye anayejua majalada yamerundikana wapi. Kila chumba kiwe na hesabu inayokibeba: mahakimu waliopo na wanaotarajiwa, mashauri yanayofunguliwa kwa mwaka, mahabusu wanaoletwa siku yenye watu wengi, mita za rafu zinazohitajika kwa majalada. Tumia takwimu za miaka mitatu. Mwaka mmoja hupotosha, hasa kama hakimu alihamishwa katikati.

Huu ni mfano wa makadirio, tuseme kwa wilaya ya mkoa wa Dodoma kama Bahi au Chemba, yenye mahakimu watatu. Kumbi mbili za kusikilizia mashauri, mita za mraba 90 kila moja: 180. Ofisi tatu za mahakimu za mita 20: 60. Masjala 40, hifadhi ya majalada 50, vielelezo 20. Vyumba vitatu vya mahabusu vya mita 12: 36. Eneo la kusubiri 60. Waendesha mashtaka, mawakili na ustawi wa jamii, mita 15 kila mmoja: 45. Usuluhishi 20, chumba cha seva 10, ofisi mbili za utawala 30. Jumla ni 551. Wengi huishia hapo, na ndipo bajeti inapopasuka, maana hiyo ni sakafu ya vyumba vitupu. Ongeza asilimia 35 kwa kuta, korido, ngazi na vyoo. Inakuwa kama mita 744. Makadirio ya gharama yatoke kwenye 744.

Kisha panga njia tatu zisizokutana: ya umma, ya mahakimu na ya mahabusu. Karandinga liingie uani na kushusha watu karibu na mlango wa vyumba vya mahabusu, si mbele ya ndugu wa mlalamikaji. Vyumba vya mahabusu ni vitatu kwa sababu wanaume, wanawake na watoto hawachanganywi. Ofisi ya waendesha mashtaka isipakane na ya hakimu wala kutumia mlango mmoja nayo. Mwananchi akimwona mwendesha mashtaka akitokea upande wa hakimu, huna maelezo yatakayomridhisha. Vielelezo navyo si bahasha tu. Pikipiki, magunia ya mkaa na mbao zinahitaji banda lenye uzio na kufuli.

Njia ya kiti cha magurudumu huombwa kwa mwinuko wa 1 kwa 12. Msingi ukipanda sentimita 60, njia hiyo inataka mita 7.2, na kiwanja kidogo hakina nafasi hiyo. Usisahau kizimba cha shahidi: mara nyingi mlango wa nje unafikika, halafu ndani kuna ngazi mbili.

Kiwanja kikaguliwe kabla ya kuomba fedha. Taka hatimiliki yenye matumizi yanayoruhusu jengo la serikali, pamoja na barabara inayofikika wakati wa masika. Kwa viwanja vya Dodoma mjini vyenye nyaraka za enzi ya CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), iliyovunjwa Mei 2017, thibitisha kwenye ofisi ya ardhi ya Jiji kwamba umiliki umehuishwa. Chimba mashimo ya kupima udongo. Sehemu za mkoa huu zina udongo mweusi wa mbuga unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi wa kawaida hapo hutoa nyufa mapema. Mhandisi azingatie pia matetemeko, kwa kuwa tuko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa.

Maji yawekwe kwenye mchoro tangu mwanzo. Paa la mita za mraba 700, mvua ya milimita 500 kwa mwaka, upotevu wa asilimia 20: lita 280,000. Haziondoi haja ya bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, au kisima, lakini zinatosha kuhalalisha tangi kubwa na mifereji ya bati.

Sasa fedha. Chini ya Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya 2011, Mtendaji Mkuu wa Mahakama ndiye Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha, na mradi huingia Fungu 40, fungu la bajeti la Mahakama. Andiko la mradi lipelekwe juu likiwa na karatasi ya mahitaji, nakala ya hati, taarifa ya udongo na makadirio yaliyosainiwa na mkadiriaji majenzi. Weka pia gharama zinazosahaulika: samani, mtandao, vifaa vya kusikiliza mashauri kwa video, ulinzi, na umeme wa kila mwezi baada ya kuhamia. Andiko lisilo na hati ya kiwanja hurudi hata kama hoja zake ni nzuri.

Kalenda ndiyo inayowaangusha watu. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na mvua za Dodoma hunyesha Desemba hadi Aprili. Ukisubiri fedha ndipo umtafute mshauri elekezi (mtaalamu wa usanifu na usimamizi wa ujenzi), zabuni itatoka Oktoba au Novemba na msingi utachimbwa kwenye tope. Mwaka wa kwanza omba fedha za usanifu na vibali pekee: kibali cha ujenzi cha halmashauri, cheti cha mazingira, ukaguzi wa Zimamoto. Mwaka wa pili omba ujenzi.

Ununuzi unafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na hufanyika ndani ya NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Kazi iwe kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, isigawanywe vipande ili kukwepa ukomo wa njia ya zabuni, na BOQ (orodha ya kazi na vifaa vyenye vipimo na bei) ilingane na michoro ya mwisho. Vyote viwili vipitiwe ukurasa kwa ukurasa. Mlango ulio kwenye mchoro lakini haumo kwenye BOQ ni dai la mkandarasi baadaye.

Kabla ya kusaini, angalia usajili wa mkandarasi kwenye CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) kwa daraja linalohusika, dhamana ya utendaji, muda wa matazamio (wa mkandarasi kurekebisha kasoro baada ya kukabidhi), na riba ya malipo yanayochelewa. Mabadiliko yoyote ya kazi yaidhinishwe kwa maandishi kwanza. Fundi akishapiga ukuta kwa agizo la mdomo la kiongozi aliyetembelea eneo la ujenzi, mkaguzi atamuuliza Afisa Masuuli, si yule kiongozi.